Sufuria ya Mtu Mmoja

Alhamisi, 12 Septemba 2024

Nimefika Walikale. Mgongo unauma — pikipiki, matope, tukalala njiani Nyabiondo, tena pikipiki. Chumba changu ni cha mbao, nyuma ya nyumba ya Mama Élie. Ni cha muda tu. Mwalimu wa darasa la kwanza amejifungua, mimi nitashika watoto wake mpaka arudi. Mimi, mwalimu! Diplome yenyewe bado sijaichukua.

Mama Élie ni mkarimu. Amenitandikia mikeka miwili. Nilipoingia uani alisema, "Mumefika muzuri?" Nilifurahi moyoni. Kwetu Mushaki mtu mzima anaamkiwa kwa wingi hata akiwa peke yake. Basi nimekuwa mtu mzima.

Joto la huku! Kwetu saa hizi tungekuwa na sweta.

Jumamosi, 14 Septemba

Mama Élie hataki makaa chumbani, mbao zitashika moto. Amenishauri ninunue sufuria ya umeme, ile ya kupikia wali, lakini ndogo kabisa. Umeme wa hapa unatoka kwenye turbine ndogo ya mtoni. Ukichomeka kitu kikubwa, mtaa mzima gizani.

Nilienda kwa Papa Magloire, mfanyabiashara wa Butembo, duka lake liko karibu na soko. Anazo mbili. Moja nyeupe, ndogo, kifuniko cha kioo — ya mtu mmoja. Nyingine ina maua mekundu, ya watu watatu hivi. Nikaonyesha ile ndogo kwa kidole. Aliishusha, akatazama pembeni yangu, akasema hiyo haitatutosha. Nikamwambia niko peke yangu. Sauti yangu ilitoka ndogo, kama kawaida yangu mbele ya watu. Akacheka.

"Na huyu dada yako, yeye atakula mvuke?"

Niligeuka. Hapakuwa na mtu. Labda mteja alikuwa amepita. Nilitoka bila kununua, kwa aibu tu.

Jumapili, 15 Septemba

Misa. Kanisa lilijaa, watoto walisimama ukutani. Kando yangu kwenye benchi palibaki nafasi. Mama mmoja alikuja, akainama kama anayetaka kukaa, akasema "pardon", akarudi nyuma. Hakuwa ananitazama mimi.

Jioni simu ilipata réseau, nikampigia Mama. Nikamweleza habari za sufuria. Nilipotaja ya mtu mmoja akauliza kama hakuna ya wawili.

Najua anamwaza Régine. Dada yangu mkubwa alikuja huku huku Walikale mwaka juzi, kuuza vitenge kwenye machimbo. Miezi michache, simu yake ikafungwa. Basi. Hakuna aliyemwona, hakuna aliyemzika. Kila jioni Mama anampakulia sahani yake na kuifunika, asubuhi kuku wanakula. Baba amemwomba aache. Anamjibu kila mara, "Siku nitaacha kumupakulia, njo siku nitakuwa nimemuzika."

Sikumwambia Mama kwamba nilikubali kazi hii kwa sababu ni Walikale.

Jumanne, 17 Septemba

Nimerudi kutoka shule. Nitaandika polepole.

Mama Élie alikuwa anachambua majani ya sombe uani. Akaniuliza, bila ubaya, kama dada yangu ni mgonjwa. Dada gani? Akasema yule niliyekuja naye. Eti nikienda shule yeye anabaki ameketi kwenye kizingiti. Ukimwamkia haitikii. Ukimpa chakula anakataa, anatazama mlango wangu tu.

"Na kitambaa kile, mwalimu? Joto yote hii, anajifunga kichwa mpaka kwenye sikio. Iko na baridi gani?"

Nikauliza sikio lipi.

Aligusa la kushoto.

Régine aliumwa sikio hilo tangu utotoni. Baridi ya Mushaki ikianza, kitambaa. Ikiisha, kitambaa bado. Sijamtaja kwa mtu yeyote hapa. Hata jina.

Kwa hiyo "mumefika muzuri" haikuwa heshima. Tulifika wawili.

Kama ni mzima, kwa nini mimi simwoni? Na kama si —

Jumatano, 18 Septemba

Nilifunga mlango, nikasema, "Régine, uko wapi?" Nilijisikia mjinga. Mbao zililia kidogo kwa joto, basi.

Mkeka wa pili, ambao siulalii, ulikuwa na joto katikati. Labda jua la dirishani. Lakini dirisha liko upande mwingine.

Alhamisi, 19 Septemba

Nilimwomba Mama Élie ruhusa ya ile yenye maua. Alikataa. Mpangaji aliyenitangulia aliwahi kuzima taa za majirani wote, na za maternité, kule wanakojifungulia, pia. Nikasema basi.

Papa Magloire leo hakutania. Alifunga ile nyeupe kwa gazeti na kamba, macho yakiwa kwenye kamba tu.

Nilipima kikombe kimoja cha mchele. Mvuke ulipanda kwenye kioo, kile kitufe kikaruka, tak! Wali ungetosha kugawa, kidogo kidogo. Nilichukua sahani mbili. Nikaona nywele za mikono yangu zimesimama. Nikarudisha moja. Nilisema kwa sauti, kwa nguvu ambayo sina hata darasani: "Niko peke yangu hapa."

Nikala wote. Na ukoko.

Ijumaa, 20 Septemba

Asubuhi Mama Élie aliniamkia: "Umelala je?"

Umelala. Nilisimama na ndoo yangu. Nikauliza yule mwingine yuko wapi. Ameondoka alfajiri, akasema, kwa barabara ya Masisi, ile ya kwenda kwetu, bila viatu. Mama Élie alimuuliza anaenda wapi na kwa mara ya kwanza alijibu. Alisema anaenda kula kwao.

Mchana wote hakuna réseau. Niliwafundisha watoto herufi, sikumbuki zipi. Mama lazima ajue kabla. Lakini ajue nini? Afunge mlango? Au apakue mapema, isipoe?

Sasa niko kilimani nyuma ya kanisa, jua linashuka, daftari gotini, simu imebanwa begani. Inaita.

Mama amepokea. Ana furaha nimepiga. Wameshakula, tayari ameifunika ile sahani. Nikasema, Mama, nisikilize vizuri. Akasema nisubiri kidogo, kuna mtu mlangoni. Ajabu, anasema, mbwa hawakubweka.

Ameweka simu mezani. Nasikia kandambili zake. Nasikia komeo.

Hajauliza ni nani.