Mungu Amenisamehe Majoho, Wifi Yangu Anataka Nini Tena?

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na nikisema msaada simaanishi kunisema, maana wa kunisema ninao wa kutosha nyumbani, nataka tu uniambie kama Mungu akishasamehe mtu kuna binadamu anayebaki na neno.

Mimi ni mkataji katika karakana ya ushonaji, mwaka wa kumi na sita huu, na mkataji ndiye kichwa cha kazi, wengine wote wanashona kile ambacho mkasi wangu umeshaamua. Mwaka jana tuliletewa kazi ya majoho ishirini na manne ya kwaya ya kanisa letu wenyewe, mahameli nyekundu, na kama hujawahi kuishika mahameli nikuambie kwamba ina vinyweleo vinavyolala upande mmoja, ukipapasa kwenda chini inateleza, ukipapasa kwenda juu inakukwaruza, na ukikata kipande kimoja kichwa juu na kingine kichwa chini, mezani huoni kitu, ila taa zikiwaka unapata rangi mbili. Kila mkataji anajua hilo. Nami nilijua. Lakini nilikuwa nimemtajia bosi mita pungufu, kwa kujiamini kwangu, bila kupima mara ya pili, na kitambaa kilipoelekea kuisha nikaona kusema nimekosea ni kujidhalilisha mbele ya niliowafundisha, basi nikageuza violezo, hiki juu, hiki chini, vikatosha, nikachora mishale yangu ya chaki nyuma ya kila kipande kuonyesha kitambaa kinakolala, mshale wenye mikia miwili ambao karakana nzima inajua ni wangu, bitana, kile kitambaa cha ndani, ikafunika, nami nikafunga mdomo.

Siku ya kufungua jengo jipya la kanisa kwaya ikasimama chini ya taa, nusu wekundu, nusu rangi ya maini yaliyolala. Watu walicheka mpaka mchungaji akakosa pa kutazama. Jumatatu bosi akauliza nani alikata, na wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye mimi mwenyewe nilimleta kazini nikamfundisha kushika mkasi, alikuwa amesimama pale pembeni ya meza, na mdomo wangu ukasema, "Alikata wifi, nilimwachia siku moja tu." Akakana, akalia, akasema hata chaki hakuigusa, lakini nani angemsikiliza mwanafunzi na mimi nipo? Hakuna aliyefikiria kufumua bitana. Akafukuzwa siku ile ile, na sasa yuko nyumbani kwa mama mkwe, anapunguza suruali za majirani na kubadilisha zipu, na majoho yamefungiwa kabatini kanisani.

Sasa mshauri, mimi nilitubu, tena si kutubu kwa mdomo. Kwenye juma la maombi nilipiga magoti mchana kweupe mbele ya watu wote, nikalia mpaka kilemba kikadondoka, nikamtajia Mungu kimoyomoyo kila kitu, mahameli, mita, wifi kwa jina lake, na nilipoinuka nilikuwa mwepesi, na hilo hakuna wa kuninyang'anya. Jumapili yake nikatoa ushuhuda kwamba Mungu amenisamehe uongo. Sikusema upi, maana niliyemkosea ni Mungu, na yeye anaujua. Tulipotoka wifi alikuwa ananingoja mlangoni.

"Hongera kwa ushuhuda, wifi. Huo uongo uliosamehewa ni upi? Maana kuna mmoja ninaishi nao nyumbani."

"Yaliyokwisha kwa Mungu yamekwisha," nikamjibu.

"Haya, mwambie Mungu huyo huyo anirudishie mkasi wangu."

Kiburi gani hicho! Na mume wangu, badala ya kunitetea, akasema kuanzia leo chakula chake atajipakulia mwenyewe. Kubwa kuliko yote, karakana ya ng'ambo ya barabara inatafuta mkataji, wifi ameomba, na mama mwenye karakana ameniletea ujumbe kwamba kwa kuwa mimi ndiye niliyemfundisha, nimwambie kabla ya Ijumaa kama mkono wake unaaminika. Nikisema ndiyo, atauliza, na yale majoho je? Nikieleza, kiti changu kimekwenda. Kwa hiyo nimeamua nitajibu kwamba simjui vizuri, basi. Sikuiba, sikuua, na nimeshatubu. Niambie nina haki.

Ni mimi, Aliyesamehewa

*

Aliyesamehewa, dada yangu,

Jina ulilojipa ni lako kweli, na nianzie hapo kabla sijakukasirikia. Umesamehewa. Yeyote atakayekuambia kwamba Mungu anasubiri kwanza wifi yako aweke sahihi, mwonyeshe mlango. Rehema hainunuliwi, si kwa machozi, si kwa kilemba kudondoka, wala si kwa kwenda kuomba radhi. Ulipewa bure, ukiwa na uongo wako mkononi. Hapo tuko pamoja, na sitoki hapo hata wasomaji wangu wakinuna.

Sasa kaa chini.

Unasema uliyemkosea ni Mungu. Ni Mungu aliyefukuzwa kazi? Ni Mungu anayebadilisha zipu kwa mama mkwe wako? Ulimtaja wifi kwa jina ulipokuwa umepiga magoti, ambapo hakuna aliyekusikia, na uliposhika kipaza sauti jina likakupotea. Kutubu ni kugeuka, mama. Wewe umepiga magoti vizuri sana, kisha ukainuka ukaendelea na safari ile ile.

Tazama unachopanga. "Simjui vizuri." Wifi yako! Uliyemfundisha wewe kushika mkasi! Huo ni uongo mpya kabisa, na unaupika huku machozi ya maombi hayajakauka. Kumbe Mungu ndiye aliyekuwa rahisi, mgumu ni bosi.

Nakuonea huruma, usidhani sikuonei. Miaka kumi na sita ya kuheshimika si mchezo, na kuanguka mbele ya uliowafundisha kunauma. Lakini wifi yako naye alikuwa ameanza kuheshimika, kidogo tu, kwa mkasi ule ule, na wewe ulimkatia pale pale. Halafu unashangaa kwamba ana kiburi. Mimi namsifu. Angekuwa mwingine angekuuliza lile swali ndani ya kanisa.

Fanya hivi, na ufanye Alhamisi, usingoje Ijumaa. Kaombe joho moja kanisani. Nenda nalo kazini asubuhi, wote wakiwa kwenye mashine zao na bosi yupo, ulilaze juu ya meza yako ya kukatia, ufumue bitana kwa mkono wako. Usihutubie. Usilie, ulishalia. Ushuhuda wako uache nyumbani. Waonyeshe mishale yako, kisha useme, "Nilikata mimi, na nilijua." Ukitoka hapo vuka barabara na joho lako mkononi, umwonyeshe mama mwenye karakana kitu kile kile, umwambie mkono wa wifi unaaminika kuliko mdomo wako. Kwa wifi uende mwisho, yote yakiwa yameshasemwa, ili asije akadhani umekwenda kupatana naye anyamaze.

Huenda kiti kikaenda kweli, sikufichi. Huenda wifi akakufungia mlango. Ana haki hiyo, na ole wako umwambie kwamba Mungu ameshasamehe kwa hiyo naye aharakishe. Mungu alikungoja karibu mwaka mzima ukila na kulala. Nawe mngoje wifi.

Unamwogopa nani hasa? Kesi yako kubwa imeshasikilizwa na umeachiliwa. Karakana nzima, ikiwa na minong'ono yake yote, haina mtu aliye huru kusema ukweli kama wewe. Ukiwa na kiti au huna, Alhamisi jioni utakuwa bado Aliyesamehewa, na jina hilo bosi hana uwezo wa kulifuta.

Lakini mkasi wa wifi yako uko kwako. Mrudishie.