Nguzo Iliyoitika

Nyumbani kwa Shosho,
Mutuini, Nairobi.
Jumapili, 11 Mei 2025

Mpendwa Baba mkubwa Jamleck,

Pokea salamu zangu za heshima kutoka hapa nyumbani. U hali gani huko Boston? Je, baridi imewaachilia? Na mgongo wa Mama mkubwa Maureen umepata nafuu? Sisi tunaendelea vizuri kwa neema ya Mungu, isipokuwa Shosho, mama yenu, ambaye magoti yanamsumbua kila mvua inaponyesha. Mwaka huu imenyesha kweli. Migomba imejaa maji hadi inaegemea ua.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu ya Baba husomwa na kila mtu hapa nyumbani. Shangazi Emmah anarudi huko Jumanne na amekubali kukukabidhi barua hii mkononi. Hajaisoma. Nimemwambia tu kwamba ni ya shule, na kwa kiasi fulani ni kweli.

Niko Gredi ya Nane sasa. Asante kwa karo, Baba mkubwa. Sijaisahau hata siku moja. Somo ninalolipenda ni Kiswahili. Mwalimu wetu, Bi. Mbithe, anatufundisha mashairi. Ametuzoesha kuhesabu mizani kwa kugonga dawati kwa vifundo vya vidole, silabi moja pigo moja. Mshororo ukipungukiwa, yeye husikia akiwa mlangoni. "Huo unachechemea," husema, na darasa lote hucheka.

Mwezi uliopita alitupa kazi ya nyumbani: tuchague kitu kisicho na uhai, tukipe sauti, kiseme chenyewe. Mimi nilichagua jumba lako la kupangisha, hili la jirani na Shosho. Nilitaka lijisifu. Nilifikiri ningekutumia shairi hilo ufurahi.

Rafiki yangu Nzula anaishi humo na wazazi wake na wadogo zake wawili, nyumba ya chini kabisa, ile inayotazamana na jikoni kwa Shosho. Tulikaa chini ya ngazi tufanye kazi yetu. Hakuna dawati pale, kwa hiyo tulihesabu mizani kwa kugonga nguzo. Nguzo ya kwanza ilikuwa kama kugonga jiwe. Ya pili, ile ya katikati inayobeba ngazi, iliitika.

Nzula alicheka. "Kui, hii ina njaa ama? Gonga tena. Inalia kama debe."

Niligonga tena, na lipu ikaanguka, kipande kikubwa kama sinia. Ndani hapakuwa na zege ya kushikana. Palikuwa na kokoto tupu, chuma chenye kutu, na karatasi ya mfuko wa simiti iliyokunjwa na kusukumiwa humo kuziba pengo. Nzula aliacha kucheka.

Tulimwita Baba mdogo Waithaka, kwa kuwa ndiye unayemwachia ujenzi. Alikuja, akatazama, akaisukuma ile karatasi ndani kwa kidole. Aliniambia, "Wewe ni madam wa mashairi. Simiti niachie mimi. Ukimaliza vina vyako ndio uje unifundishe kujenga."

Siku iliyofuata nguzo ilikuwa imepigwa lipu na kupakwa rangi ya krimu. Nafikiri umeiona. Ndiyo iliyo katika picha aliyokutumia, yenye chungu cha maua mbele yake. Yale maua ni ya Shosho. Yaliwekwa pale kwa ajili ya picha, kisha yakarudishwa kwetu.

Ufa umetokea tena juu ya rangi hiyo mpya. Unaanzia pale karatasi ilipokuwa na sasa umefika chini ya dirisha la kina Nzula. Mlango wao haufungiki mpaka baba yake ausukume kwa bega. Paka wao aliyezaa chini ya ngazi amehamisha watoto wake mmoja mmoja, akawaleta kwenye kuni za Shosho. Tumewarudisha mara mbili. Hakai.

Shosho alipomwona paka huyo alienda kulisogeza jiko lake upande wa mbali wa nyumba. Sijamuuliza kwa nini.

Baba aliposema neno, akitoka kazini Hurlingham na viatu vikiwa bado na matope, Baba mdogo alimwambia kwamba anakuonea wivu kwa sababu yeye hana jumba. Kisha akaongeza, "Jamleck akisimamisha hii kazi, nitajua ni nani alimwambia." Tangu jioni hiyo Baba hazungumzii jambo hilo. Kwa hiyo sasa utajua, Baba mkubwa, na Baba mdogo naye atajua. Ni mimi. Baba hajui kwamba naandika.

Jambo lenyewe ni hili. Ghorofa nne zimekaliwa zote. Baba mdogo anataka kumwaga slabu ya tano Jumamosi ya wiki ijayo. Kokoto zimeshaletwa, na mbao zimepandishwa juu. Mama Nzula nilimwuliza kama hawawezi kuhama. "Tuende wapi, Kui?" aliniambia. "Mwenye nyumba mwenyewe ni mtu wa kanisa. Angekuwa amejua, angesema."

Shairi langu halikujisifu tena. Nilimpa Bi. Mbithe, akaligonga kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akaniuliza polepole, "Hili umelibuni, au umeliona?" Nilimwambia nimeliona. Aliniambia basi nimwandikie mwenye nyumba, tena kwa adabu. Ubeti wa kwanza ni huu:

Mimi nyumba naongea, nina uzito begani,
Juu mwaniongezea, hamnitazami chini,
Miguu yanilegea, watoto wangali ndani,
Nani atawatetea, nikishuka aridhini?

Wewe si mtu mbaya, Baba mkubwa. Ulipokuja Krismasi uliwabeba wadogo zake Nzula mabegani ukawazungusha uwanja mzima. Najua picha hazikukuonyesha haya. Naomba umpigie Baba mdogo kabla ya Jumamosi hiyo, aache kujenga, na umtume mhandisi asiyekuwa rafiki yake aikague ile nguzo. Mhandisi akisema mimi ni mtoto mwenye kelele, nitamwomba Baba mdogo msamaha mbele ya Shosho.

Nisalimie Mama mkubwa, na binamu zangu Ngugi na Wanjugu. Mwambie Wanjugu kamba yake ya kuruka nimeitunza. Shosho anakuombea kila asubuhi, anakutaja wa kwanza, kisha anaendelea mpaka majina yote yaishe. Mungu akupe usingizi mwema na akuamshe na moyo mwepesi.

Mimi mtoto wako akupendaye na kukutumainia,
Kui

Tanbihi: Nilikuwa nimefunga bahasha, nimeifungua tena. Leo tulipotoka kanisani tumekuta mlango wa kina Nzula umekataa kufunguka kabisa. Mafundi wawili wameuvunja. Baba Nzula amesema hataweka mwingine, watalala vivyo hivyo, na pazia tu. Mama Nzula amevipanga viatu vya watoto nje ya kizingiti, vyote vikitazama barabarani.