Baiskeli Iliyovaa Blanketi

Alhamisi, jioni. Mvua ilinyesha alfajiri ikaacha, na mlima Meru haujaonekana tangu Jumapili. Miguu inaniuma mpaka nyongani, lakini moyo umetulia.

Mama yuko hospitali mjini. Amefika na miguu yake yote miwili.

Niandike tangu mwanzo, maana nimejaa, na nisipoandika nitaishia kuwasimulia mbuzi.

Baiskeli ya mume wangu, Baba Neema, ina miezi miwili hapa nyumbani. Aliinunua kwa fedha ya kahawa, na mpaka jana fremu yake ilikuwa bado imevaa karatasi za kiwandani. Akirudi kutoka njiani huipangusa kwanza, ndipo aulize watoto wameshindaje. Bwana Shauri mwenyewe, mkuu wa wilaya, hapangusiwi gari lake hivyo. Tangu siku ya kwanza ananiomba niishonee nguo nene ya kuzungushia bomba la juu, mikungu ya ndizi isije ikachubua rangi. Nami namjibu kwamba nikimaliza kuwavika watoto nitaivika na baiskeli.

Nakiri hapa, kwa kuwa daftari halina mdomo: nilikuwa naionea wivu. Mtu mzima na akili zangu, naonea wivu chuma.

Jumatatu mambo yakageuka. Mama alijikata mguu kwa jembe wiki mbili zilizopita, akaficha, akajitibu kwa majani. Dresa, mfunga vidonda wa zahanati, alikifungua kile kidonda, akakinusa. Kisha akasema mama asipofika hospitali ya mjini wiki hii, mguu utakatwa.

Mama anaishi juu, karibu na msitu, gari halipandi. Kutoka kwake mpaka Kikatiti, barabarani, ni mteremko wa saa mbili kwa mwenye miguu mizima. Kaka zangu walileta machela. Mama aliitazama, akageukia ukutani. Marehemu baba alishushwa kwa machela, na iliyorudi ni machela peke yake.

"Hicho kitu sikipandi nikiwa hai," alisema.

Basi nikatamka kwamba atashuka kwa baiskeli. Nilitamka kabla sijafikiri, kama kawaida yangu, halafu ikabidi nifikiri haraka.

Kwenye keria ya nyuma asingekuwa na wa kumshika, na mguu ungegonga spoku. Ilimpasa akae upande kwenye bomba la mbele, miguu ining'inie kushoto, mgongo uegemee kifua cha anayesukuma. Sasa, kwetu mkwe na mama mkwe hawagusani. Baba Neema akikutana na mama njiani hupisha mpaka ndani ya migomba. Atamkumbatiaje saa mbili nzima? Msukumaji nikawa mimi, ambaye baiskeli nilikuwa naishika tu kuiondoa mvuani.

Jumanne nilishona tandiko la kwanza. Nilijiamini kupita kiasi. Nilijaza magome ya mgomba, maana sisi Wameru tunaamini hakuna kazi mgomba usiyoiweza. Tulilijaribu uani: mimi nikakaa kama mama, Baba Neema akasukuma. Kabla hatujafika kwenye zizi magome yalikuwa yamelala bapa na chuma kinanisalimu mfupa kwa mfupa. Mbaya zaidi, mengine yalikuwa hayajakauka, utomvu ukapenya kwenye karatasi na kuacha madoa meusi kwenye rangi. Baba Neema alichukua kitambaa na mafuta ya taa, akafuta doa moja moja. Ningeona heri angenigombeza.

Nilijilaza nikiwa na hasira na mimi mwenyewe. Ndipo nikawakumbuka wanawake wa Kisongo wanaokuja sokoni na punda. Punda wao hawekewi mzigo juu ya uti wa mgongo. Anawekewa mito miwili, huku na huku, na mzigo unakaa juu ya mito, mfupa unabaki huru.

Jana asubuhi nilikata blanketi letu la kijivu katikati. Nilikunja nusu moja mikunjo miwili minene, nikaishona pande mbili za bomba, nikaifunika kwa turubai la koti kuukuu la mvua la Baba Neema, na kufunga kwa chini kwa kamba za ngozi, mafundo yasimchome mtu. Sindano ya magunia imenitoboa kidole mara tatu. Nilipokaa juu yake, bomba sikulisikia kabisa. Nimeshona mengi maishani, hata gauni la harusi, na sijawahi kushona kitu kizuri kama kile.

Lakini tandiko lilikuwa linateleza juu ya karatasi. Nilisimama sijui nimwambieje mwenye baiskeli yake. Baba Neema alikuja, akatazama, akazichana karatasi zote kwa mkono wake, moja baada ya nyingine. Sikumtazama usoni.

Leo tuliifikisha baiskeli kwa mama, na mvua ilipoacha tukaanza kushuka. Mama alikaa, akajisogeza, akasema afadhali kuliko kiti cha kanisani. Baba Neema alitangulia hatua kumi, panga mkononi, akiondoa mawe na matawi, bila kugeuka hata mara moja. Alikuwa na adabu ya mkwe, na baiskeli yake ilikuwa nyuma mikononi mwa mwanamke asiyejua baiskeli. Kila kwenye mteremko mkali alisema na hewa iliyo mbele yake: bana breki taratibu. Nami nilibana, mama amenilalia kifuani, ananuka moshi na majani ya dawa, kama zamani yeye alivyokuwa akinibeba mimi.

Niliogopa. Mama hakujua, lakini niliogopa njia nzima.

Kwenye kijito, unyayo wangu uliteleza. Nilimkumbatia mama kwa mkono mmoja na baiskeli ikaegemea mwamba, tukasikia chuma kikikwaruza jiwe, mlio mrefu. Baba Neema alisimama, ametupa mgongo. Nilimsubiri aulize rangi. Jibu nilikuwa nalo tayari, na lilikuwa kali.

"Mguu haujagonga?" aliuliza.

Jibu langu kali nililimeza. Nilimwambia haujagonga, akaendelea kuondoa mawe.

Kikatiti tulipata lori linalotoka Moshi. Mama alipokwisha kupandishwa aliniambia nimwambie mkwe wake kwamba ana mashine nzuri na amekaa vizuri. Mkwe mwenyewe alikuwa hatua tatu, amesikia kila neno. Nikamwambia hata hivyo. Naye akaniambia nimwambie mama ahsante, na apone. Nikamwambia mama. Wasafiri walitucheka, sikujali.

Nilipanda naye mpaka hospitali, na daktari amesema kidonda kimewahiwa kwa kitambo kidogo sana. Watakisafisha kila siku, na kama hakitaharibika zaidi, mguu utabaki. Hakuapa. Mdogo wangu Rebeka, anayepanga chumba Kaloleni, atalala naye zamu za usiku. Nilirudi na lori la alasiri, Baba Neema akiwa bado ananingoja pale pale barabarani.

Tulipofika nyumbani aliipindua baiskeli akaikagua. Ule mkwaruzo upo, urefu wa kidole, karibu na usukani, pale tandiko lisipofika. Chuma kinaonekana. Alipapitishia kidole gumba, mara moja, mara mbili. Niliona nimwombe radhi, nikafungua mdomo.

"Hapa palibaki wazi," alisema. "Paongezee kabla hatujaenda kumchukua mama."

Amesema kumchukua.

Ile nusu nyingine ya blanketi iko kitandani, na usiku huku kwetu kuna baridi. Kesho naikata.