Kisanduku cha Jina la Kwanza

Jumatatu, 4 Machi

Emőke kapiga simu nikiwa jikoni shuleni, viazi nusu gunia bado. Binti yangu hapigi simu mchana. Moyo ukaniruka, nikajua ni ajali. Si ajali. Anataka nimsaidie kazini.

Kazi yake sijawahi kuielewa vizuri. Programu zinatoka nje na maneno ya huko, wenzake wanayageuza Kihungari, yeye anaandika kanuni za namna yatakavyokaa kwenye kioo cha kompyuta. Tarehe ianze na mwaka. Vitufe viachiwe nafasi, maana maneno yetu marefu. Mambo ya hivyo. Sasa wana programu ya kuomba miadi ya daktari, na wamealika watu sita waliopita miaka sitini, wasiozoea kompyuta, waijaribu. Mmoja kateleza ngazini, mkono umevunjika.

"Njoo wewe, mama. Ila usiseme u mama yangu. Ndugu wa wafanyakazi hawaruhusiwi."

Yuko kwenye miezi mitatu ya majaribio. Ijumaa wanaamua kama anabaki au anaondoka. Nikasema sawa.

Géza anacheka tu. "Umepata kazi ya kutojua kitu, mke wangu. Ungeianza zamani, sasa hivi ungekuwa meneja."

Jumanne, 5 Machi

Nimekwenda. Zulia jeupe mpaka ukutani. Nikavua viatu mlangoni. Katibu wao, Ildi, akanikimbilia: "Usivue, Bi Bodnár, hapa si sebuleni kwa mtu." Nikavivaa tena, aibu imenijaa.

Emőke akanipa mkono kama mgeni. "Karibu, Bi Bodnár." Vidole baridi. Hakula asubuhi, namjua. Nilikuwa na vimkate vinne vya pogácsa, vya jibini, mkobani, nimeoka alfajiri — nikashindwa kumpa hata moja.

Kioo kikauliza: jina la kwanza. Nikaandika Bodnár. Si jina la ukoo ndilo linalokuja kwanza? Jina la mwisho. Nikaandika Gézáné, mke wa Géza, kama kitambulisho changu kinavyosema. Jina la kuzaliwa, la kabla sijaolewa: Szűcs Piroska. Nikabonyeza.

"Habari, Bodnár!" Kama sajenti anaita kuruta. Halafu chini yake: mgonjwa huyu hayupo.

Nikajaza upya. Hayupo. Mara ya tatu machozi yakanitoka. Nilidhani nimeharibu mashine ya watu. Na nikawaza — je, ningekuwa naumwa kweli?

Bwana Radványi, mkubwa wao, kijana mwenye ndevu, akaniletea maji mwenyewe. "Si kosa lako, Bi Bodnár. Si lako kabisa." Akamtazama Emőke. Emőke akatazama karatasi zake.

Jumatano, 6 Machi

Emőke kaja kula. Ana furaha mpaka inanitisha.

Watu wanne kati ya sita tumekosea palepale. Na yeye alishaandika zamani kwenye kanuni zake: visanduku viseme jina la ukoo na jina la kupewa, na la ukoo liwe juu, maana sisi ndivyo tunavyojitaja. Radványi alimkatalia. Alisema wenye programu hawataki kisanduku kihamishwe hata kidogo. Sasa wenyewe wanakuja Ijumaa, na Emőke ndiye atakayewaonyesha.

"Kwa hiyo mama yako analia, wewe unapata kazi," Géza akasema. "Angeanguka na kiti ungepewa na gari."

"Baba, nyamaza ule."

Tukacheka. Akaomba supu mara ya pili, jambo ambalo hajafanya tangu Krismasi.

Nikiwa naosha sahani ndipo likanijia. Bodnár wako wengi, hilo halishtui mtu. Ila nchi hii kila fomu inakuuliza mama yako alizaliwa na jina gani. Shule, hospitali, posta. Basi na kwenye faili la Emőke kazini limeandikwa. Mama: Szűcs Piroska. Na mimi jana nimelijaza jina hilohilo, herufi kwa herufi, kwenye kioo chao.

Sikumwambia. Alikuwa anakula vizuri.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeunguza mchuzi wa watoto mia mbili. Mchana nikampigia Emőke, nikamwambia habari ya jina.

Akanikata: "Nani atakaa kulinganisha, mama?"

Baada ya saa moja akapiga yeye. Ildi anachapa orodha ya wajaribu kwa ajili ya wageni. Majina yote, na ya kuzaliwa. Na mafaili ya wafanyakazi anatunza Ildi huyohuyo. Tena kuna jingine: Radványi anataka nirudi kesho nijaze mbele ya wageni. Kasema huyu mama alilia kweli.

Nikasema nitamwambia ukweli. "Ukisema, watadhani wote sita niliwafundisha. Nakuomba."

Sikufundishwa. Jumapili zote alizolalamika kuhusu visanduku mimi nilikuwa napakua supu, sikushika hata neno.

Géza leo hajatania. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Ijumaa, 8 Machi

Naandika chooni, ghorofa ya pili.

Radványi kagawa tulipu kwa wanawake wote, ni siku yetu. Na mimi kanipa. Kaninunulia ua, mimi ninayemdanganya.

Wageni ni wawili, mwanamume na mwanamke, na mkalimani. Nikajaza. Habari, Bodnár! Mgonjwa huyu hayupo. Yule mwanamke akatikisa kichwa, akaandika. Mkalimani akauliza: "Kuna mtu aliyekwambia uandike hivyo?"

"Hapana." Kweli tupu.

"Na kuna mtu unayemfahamu katika kampuni hii?"

Orodha ilikuwa mezani mbele ya Ildi. Emőke kasimama dirishani, mweupe kama ukuta. Nikasema naomba kwenda chooni.

Nikisema hapana, karatasi ile itanisuta. Nikisema ndiyo, nimemfukuza mwanangu kazini kwa mdomo wangu. Na kosa lilikuwa la kweli! Bibi fulani huko kijijini atajaza hivihivi, na daktari hatampata.

Mlango wa nje. Viatu vya Ildi. Anafungua maji. "Bi Bodnár, u mzima? Wanakungoja."

Nikasema nakuja.

Viatu vingine. Hivi navijua.

"Ildi," Emőke anasema, "huyo ndani ni mama yangu. Mama aliyenizaa."

Maji yamefungwa.

Sasa anagonga. "Mama, toka. Tunarudi mle pamoja. Nitasema mimi."

Ildi hajaondoka. Naona ncha za viatu vyote vinne chini ya mlango. Nasema nakuja, mwanangu, subiri kidogo, nimalizie tu mstari huu.