Damu Haijui Imetoka

Jumatatu, 3 Machi

Sindano, mtoa damu wa chumba cha mbele hapa maabara, mtu ambaye mdomo wake haujui kupumzika, ameniletea habari bila kujua kwamba ni habari. Mgonjwa wetu aliyepandikizwa moyo, yule fundi cherehani, amemwambia alifanyiwa upasuaji siku ya kupatwa kwa jua. "Eti jua lilipofungwa, yeye akafunguliwa!" Akacheka peke yake.

Siku hiyo alifariki mdogo wangu. Mimi ndiye niliyetia saini moyo wake utolewe. Na siku hiyo, katika mji mzima, ulipandikizwa moyo mmoja tu.

Siamini mizimu. Nimeisoma tena sentensi hiyo. Bado imesimama.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwambia mama. Kosa.

— Kwa hiyo yupo, akasema.

— Ni msuli tu, mama.

— Msuli wa nani?

Kisha akataka kujua kazi yangu ni ipi hasa — miaka yote hii hajawahi kuuliza! Nikamweleza. Mwili haumzoei mgeni. Kabla haujaushambulia moyo uliopandikizwa, seli nyeupe za damu huanza kujiandaa, na jeni zao fulani hupaza sauti. Sisi tunapima sauti hizo, tunapata namba. Ndogo: utulivu. Ikivuka 34: mwili huenda unaanza kuukataa moyo, hata kama mwenyewe anajiona mzima.

— Basi utaniambia, akasema, kama hajambo.

Jumatano, 5 Machi

Damu ya fundi imetolewa asubuhi. Namba: 19. Ndogo! Daktari amefurahi, Jumatatu atampunguzia dawa zinazouzuia mwili usiukatae moyo.

Mama alinisubiri mlangoni.

— Hajambo?

— Hajambo.

Akapakua chakula. Sahani tatu. Tunaishi wawili.

Alhamisi, 6 Machi

Sindano alikuwa akisimulia vichekesho vya fundi: "Chukua yote, kaka, ila niachie ya kunifikisha nyumbani!" Walicheka jana mpaka chai ikapoa.

— Na chupa ya damu ilikuwa wapi? nikauliza.

— Pale dirishani, bosi. Juani kidogo tu.

— Uliigeuzageuza?

Akatazama viatu vyake.

Ndani ya chupa zetu mna dawa. Chupa hugeuzwa papo hapo ili dawa ichanganyike na seli zinyamaze zikiwa vile vile zilivyotoka. Bila hivyo, damu haijui kwamba imetoka mwilini. Huendelea kusema — lakini husema mambo ya chupa, si ya mtu. Ile 19 si ya fundi. Ni ya dirisha.

Kipimo cha uhakiki wa sampuli kilionyesha dosari jana: ndogo, ndani ya mipaka. Niliiona, nikaipitisha. Sina hakika kwamba ningeipitisha kwa mgonjwa mwingine.

Nimeyafuta matokeo, nimemjulisha daktari; fundi ataitwa kesho atolewe damu upya. Sindano akanuna: "Mbona unakaza hivyo? Si namba nzuri?" Nzuri mno.

Nyumbani, mama akauliza yule mtu anarudi lini. "Kesho," nikasema — kabla ya kufikiri.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika hapa kazini, mashine ikiendelea.

Fundi ni mwembamba kuliko nilivyomwazia. Chupa nimeigeuza kwa mkono wangu mwenyewe. Ilikuwa na joto. Damu yoyote huwa na joto. Nilichelewa kuiachia.

— Niko fiti, daktari! Jana nimepanda ngazi huku naimba.

— Mimi si daktari.

— Basi usinikatalie kwenda kula!

Nilimwomba asubiri. Amesubiri.

Mama amefika. Sikumwita. Amekaa kiti cha pembeni ya fundi, na kupitia kioo cha mlango ninawaona: fundi ameona pindo la gauni la mama limefumuka, ametoa sindano na uzi mfukoni, anashona hapo hapo. Anaongea, anacheka. Mama hacheki. Ameinamisha kichwa upande wa kifua chake, kama anayesikiliza redio ya jirani kupitia ukuta.

Mashine imemaliza. 38.

Uhakiki: safi. Nimeukagua tena. Safi! Daktari nimempigia, yuko njiani. Ameagiza kitanda kitayarishwe.

Mama ameinua macho. Midomo tu, nyuma ya kioo: Hajambo?

Fundi naye amegeuka, sindano ikining'inia kwenye uzi, aone mama anamuuliza nani.