Matrikule ya Mwalimu Asiyelipwa

Jumatatu, 6 Mei 2002

Leo tena kufukuza watoto. Direkteri wa shule ameniletea orodha kabla sijamaliza hesabu za fraksio ubaoni. Nimesoma majina. Kila mtoto ambaye mzazi wake hajatoa prime, pesa ya kutulipa walimu, amefunga daftari, amejitwika kiti chake, ametoka. Viti ni vyao wenyewe. Mabenchi ya shule yaliishia kwenye moto wa wanajeshi mwaka jana, basi kila mmoja anakuja na kigoda au bidoni ya kukalia. Darasa limebaki nusu.

Furaha, mmoja wa wasichana hao, hakwenda mbali. Hajawahi kwenda mbali. Amesimama nje dirishani, daftari juu ya ukingo, ananakili. Nikaanza kuandika kwa herufi kubwa zaidi. Sikugeuka. Direkteri alipita barazani, naye akajifanya anatazama bendera.

Nimeichukia kazi yangu leo.

Jumatano, 8 Mei

Serikali haitulipi walimu, basi wazazi ndio wanaotulisha. Hiyo ndiyo prime. Ilianza kama msaada wa muda. Mshahara wangu wa mwisho niliupokea Lea akinyonya. Sasa binti yangu huyo ameng'oka meno ya mbele na mengine yameota.

Na hata prime yenyewe haibaki shuleni. Sehemu inapanda ofisi ya elimu mjini. Kutoka pale inapanda tena, wapi sijui. Kwenye chuo cha ualimu walitufundisha kwamba pesa ya elimu inatoka juu na kushukia shule. Hapa inatoka kwenye kibeseni cha mama muuza sombe, majani ya muhogo, na kupanda hadi kwenye gari la jipu la mkubwa. Sisi ndio tunaoilisha serikali.

Chaki zimebaki vipande vitano. Nimezificha kwenye mkoba wangu.

Jumanne, 14 Mei

Mkutano wa wazazi. Jambo ni moja: pesa ya mtihani wa darasa la sita. Asiyelipa hadi Ijumaa haandikwi. Asiyeandikwa hafanyi mtihani, na bila mtihani hakuna sekondari.

Mama Furaha alisimama mwisho. Alikimbia vita vya Djugu mwaka juzi na watoto watatu. Mume alizikwa huko. Hapa Rwambuzi, mtaani kwetu, wanalala katika jiko la watu. Anabeba kuni kutoka nje ya mji, na kwenye barieri, kizuizi cha wanajeshi barabarani, wanamtoza ushuru kwa kila mzigo.

Akasema: "Miye kila siku ninalipa pale barieri. Wananiambia ni ya serikali. Sasa ile serikali iko wapi? Ilipie mutoto."

Watu wakacheka. Mwenyekiti akasema tuendelee. Nami, niliyekaa mbele na kalamu mkononi, nikageuza ukurasa.

Ijumaa, 17 Mei

Nimeandika "amelipa" mbele ya jina la Furaha kwenye orodha ya mtihani, bila pesa. Basi.

Mtoto huyu anapata jibu kabla sijamaliza kuandika swali. Kama mtihani si wake, ni wa nani?

Alhamisi, 23 Mei

Tume ya serikali imekuja kutuhesabu walimu. Kwa mara ya ngapi? Kila wakija wanataka picha, wanataka diploma, wanataka matrikule, ile namba ambayo serikali ilinipa nilipoanza kazi. Naijua kwa kichwa kama jina la mama yangu. Nimeiandika kwenye fomu hadi nimechoka. Haijaniletea hata kipande cha sabuni.

Mwalimu wa darasa la tatu alikopa shati kwa ajili ya picha.

Walikula kuku. Walipotaka kuondoka wakaomba pesa ya mafuta ya gari. Direkteri akafungua sanduku la prime. Nimeona kwa macho yangu. Wamekuja kuhesabu wenye njaa na wameondoka na chakula chao.

Jumatatu, 27 Mei

Nilikosea, tena kosa la mwalimu mzima. Nilidhani ofisi inasubiri pesa. Kumbe inahesabu majina. Orodha imesema Furaha amelipa, basi wamedai pesa ya Furaha.

Direkteri aliniita akafunga mlango. "Madame, weye uko unanitafutia mambo. Kule hawaangalie pesa, wanaangalia majina."

Imekatwa kwenye prime yangu. Yaani serikali isiyonilipa, mimi ndiye nimeilipa. Nimecheka peke yangu njiani, watu wakanitazama.

Lakini direkteri hakulifuta jina. Angeweza. Viatu vyake vimefungwa kwa waya, ana watoto saba, na hakulifuta. Hilo nitamhesabia.

Jumatatu, 10 Juni

Siku tatu za risasi upande wa uwanja wa ndege. Wiki nzima watu wanahama na magodoro. Leo tumefungua shule, watoto wachache.

Mama Furaha amekuja na habari. Kuna kamio, lori la kwenda Mambasa, Jumatano asubuhi. Kaka yake ana shamba huko. Wanaondoka wote wanne.

Mtihani ni Alhamisi.

Nimemsihi. Siku moja tu, mama. Mtoto afanye mtihani wake, kamio nyingine itapatikana.

"Madame, weye unajua kama iko siku moja?"

Sikujua. Nilimsihi hivyo hivyo. Akamtazama binti yake, akakubali. Sasa roho nne zimekaa mjini kwa sababu yangu. Naogopa. Sijui kama nilikuwa na haki.

Alhamisi, 13 Juni

Watoto walifika alfajiri, mashati yamefuliwa, kalamu mbili mbili. Furaha na kigoda chake, mstari wa mbele. Saa mbili. Saa nne. Saa sita direkteri akarudi kutoka ofisini kwa miguu, vumbi hadi magotini.

Bahasha za mtihani hazikuja. Wanasema hakuna pesa ya kuzisafirisha. Labda mwezi ujao. Labda.

Na pesa ya watoto imekwenda wapi? Direkteri ameniambia jipu la mkubwa lilikuwa pale ofisini, limeoshwa, linang'aa.

Nimesema "wezi" kwa sauti, mbele ya darasa zima. Nimelirudia. Sioni haya.

Mama Furaha alikuwa langoni anasubiri. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Kamio imeondoka jana bila wao.

Ijumaa, 14 Juni

Nimetunga mtihani mwenyewe. Hesabu, Kifaransa, historia, yote. Direkteri amesimamia akitembea kati ya vigoda, mikono nyuma, kama inspekta. Chaki iliisha katikati ya swali la mwisho. Tumemalizia kwa kipande cha muhogo mkavu.

Furaha amekosa moja tu. Niliuliza mji wetu wa pembeni mwa ziwa, kaandika wa nchi jirani. Nimemkata alama. Haki ni haki.

Jumapili, 16 Juni

Kamio nyingine imepatikana leo.

Nimechukua karatasi ya daftari, ile safi ya katikati. Nimeandika kwamba mtoto huyu amemaliza darasa la sita, amefanya mtihani, alama zake ni hizi, apokelewe sekondari popote aendako. Wino wa muhuri ulikuwa umekauka. Direkteri aliutemea mate, akaugonga kwa nguvu zote. Chini ya jina langu nimeandika matrikule, tarakimu zote, moja baada ya nyingine.

Mama Furaha hajui kusoma. Aliweka kidole pale, akauliza ile namba ndefu ni ya nini. Nikasema ndiyo namba ambayo serikali inanijua kwayo.

"Kumbe inakujuaka," akasema.

Nikaikunja karatasi nikampa Furaha.

Aliacha kibeseni cha maharagwe. Pesa ya mtihani, amesema. Nilikataa. Akakiweka chini miguuni pangu: "Hatuwezi kutoka hapa na deni ya shule." Furaha aliitia karatasi ndani ya daftari, daftari ndani ya blauzi. Alipanda juu ya magunia na kigoda chake. Hawakupunga mikono, walikuwa wameshika kamba.

Jioni tulivu. Lea amechambua mawe kwenye maharagwe na mimi nimeyaloweka.

Kesho Jumatatu, siku ya orodha ya kufukuza. Mimi siisomi tena, direkteri ataisoma mwenyewe.