Alama ya pasi

Penina, upo? Nimetoka kwa Baba huku Ngenge sasa hivi.

Si kaokota kiti kibovu kilichotupwa na ofisi ya kijiji! Baba huyu huyu, ambaye hajawahi kushika msasa! Kasugua rangi ya kijani tangu asubuhi, chini yake ikatokea alama ya pasi ya mkaa.

Pasi ya Mama, Penina! Ndicho kile kiti chake, Baba alichoipa ofisi ya kijiji enzi za ujamaa bila kumwuliza. Mama alimnunia mwaka mzima!

Baba akaita kwa furaha, “Joviana, ija, njoo! Kiti chako kimerudi!”

Joviana! Mama tuliyemzika Pasaka!

Akangoja kuitikiwa. Nikashindwa kuvumilia, nikaitika mimi mlangoni, “Abee!”

Baba akageuka. Akanitazama, kisha akatazama nyuma yangu.